Goma–Kinshasa ni masaa mangapi? Historia ya njia moja ya angani

Kuna swali moja ambalo watu wa Kivu wanaliuliza karibu kila siku: kutoka Goma mpaka Kinshasa ni masaa mangapi? Analiuliza mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusoma mji mkuu. Analiuliza mama ambaye daktari amemwambia mgonjwa wake apelekwe Kinshasa. Analiuliza mfanyabiashara, na analiuliza pia yule aliyefiwa na ndugu yake kule na anataka kuwahi mazishi.

Kuna wakati jibu lilikuwa jepesi: masaa mawili na kitu. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, unayemuuliza anakugeuzia swali: "Unapitia wapi?" Nimeona ni vizuri tuketi kidogo tuangalie historia ya safari hii, kwa sababu hii si mara ya kwanza umbali huu kurefuka pasipo mtu kusogeza mji hata mita moja.

Kwanza tupime

Ukivuta mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha ndege cha N'Djili, Kinshasa, mpaka kiwanja cha Goma, unapata kilomita 1.560 hivi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kutoka N'Djili mpaka Luano, kule Lubumbashi, ni karibu sawasawa: kilomita 1.550 na kidogo. Kwa hiyo mtu wa Goma na mtu wa Lubumbashi wako mbali na mji mkuu kwa kipimo kimoja, huyu upande wa mashariki, yule upande wa kusini-mashariki.

Ndege kubwa za abiria, zile za jeti, zinakwenda kilomita 800 kwa saa na zaidi zikishafika juu. Ukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, safari bila kusimama njiani inachukua masaa mawili na robo hivi.

Halafu kuna saa za ukutani. Inchi yetu ina saa za aina mbili: Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiondoka N'Djili saa mbili za asubuhi, unatua Goma saa tano na robo kwa saa ya Goma. Ukiondoka Goma saa mbili za asubuhi, unafika Kinshasa saa tatu na robo kwa saa ya kule, kana kwamba umesafiri saa moja na robo tu. Wazee wetu walikuwa wakicheka wakisema Kinshasa ni karibu wakati wa kwenda na mbali wakati wa kurudi.

Siku karibu elfu moja

Kabla ya ndege, kuvuka inchi hii ilikuwa kazi ya miaka. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, pwani ya bahari ya Hindi, mwezi wa kumi na moja 1874. Alifika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, tarehe 9 mwezi wa nane 1877. Hizo ni siku karibu elfu moja. Wapagazi na askari aliokuja nao walikuwa watu wa Zanzibar na wa pwani, na wengi wao walikufa njiani. Huko Maniema alikutana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, ambaye misafara yake na ya wenzake ndiyo iliyosaidia kueneza Kiswahili hiki tunachoandika leo mashariki ya Kongo.

Reli ya Matadi–Léopoldville ilimalizika mwaka 1898. Baada ya hapo, aliyetoka bahari ya Atlantiki kwenda mashariki alipanda treni mpaka Léopoldville (Kinshasa ya leo), halafu meli ya mto zaidi ya kilomita 1.700 mpaka Stanleyville (Kisangani), halafu barabara. Safari ilihesabiwa kwa majuma. Mto ndio ulikuwa barabara kuu, nao hauendi moja kwa moja: unapinda kaskazini, unavuka ikweta, ndipo unarudi.

Ndege za kwanza zilifuata mto

Watu wengi wanafikiri ndege zilikuja Kongo baada ya vita vya pili vya dunia. Hapana. Tarehe 1 mwezi wa saba 1920, laini ya ndege iliyopewa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji ilianza kazi kutoka Léopoldville. Mwaka mmodi baadaye, mwezi wa saba 1921, ilikuwa imefika Stanleyville. Ilikuwa kati ya laini za kwanza za ndege katika Afrika nzima.

Ndege zenyewe zilikuwa za kutua juu ya maji. Zilibeba barua na abiria wachache, zikifuata mto. Mto uliwapa marubani ramani, na ukawapa pia kiwanja: injini ikianza kukohoa, waliteremka majini. Laini hiyo ilifungwa mwaka 1922, lakini ilikuwa imeonyesha kwamba kazi ya majuma inaweza kufanywa kwa siku chache.

Kisha akaja Edmond Thieffry, Mbelgiji aliyekuwa rubani wa vita. Tarehe 12 mwezi wa pili 1925 aliruka kutoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Walitua Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine 1925. Walikuwa wamepita kilomita zaidi ya 8.000 kwa siku 51.

Sasa angalia hesabu hii. Katika siku hizo 51, masaa waliyokuwa angani yalikuwa 75 na dakika 25 tu. Ukiyaunganisha, ni siku tatu na kidogo. Siku nyingine zote 47 na zaidi walikuwa chini: wanalala, wanatengeneza mashine, wanangojea hali ya hewa. Ndege yao ilikuwa polepole, ni kweli, lakini kilichokula siku zao ni ardhi waliyopaswa kutua. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu linarudi katika kila sura ya historia yetu. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na ziwa Tanganyika, wakati alipokuwa akitafuta njia za ndege za ndani ya Kongo.

Kutoka siku tano mpaka masaa nane

Kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville tarehe 23 mwezi wa pili 1935. Safari ilichukua siku tano na nusu. Ndege hazikuruka usiku. Zilivuka Sahara kwa hatua, zikapita Fort-Lamy (N'Djamena ya leo) na Bangui, na kila jioni abiria walishuka kulala. Baada ya vita vya pili, ndege za injini ine zilishusha safari hiyo mpaka siku moja hivi. Mwaka 1960, Boeing 707 ya jeti iliifanya kuwa ya masaa machache. Leo, Kinshasa–Brussels ni kilomita zaidi ya 6.200, nayo inachukua karibu masaa nane.

Shika hiyo namba ya masaa nane. Tutairudia.

1960: mlango wa Katanga wafungwa

Mwaka ule ule ambao jeti ilifanya Ulaya kuwa karibu, ndani ya inchi yetu umbali ulianza kurefuka. Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Siku iliyofuata, rais Joseph Kasa-Vubu na waziri mkuu Patrice Lumumba walikuwa ndani ya ndege juu ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwakatalia kutua. Wakageuza.

Fikiria vizuri: mkubwa wa inchi na mkubwa wa serikali yake, ndani ya inchi yao, wanaona kiwanja chini yao na hawawezi kukigusa. Ndege ilikuwa nzima na rubani alijua njia. Waliokuwa na silaha pembeni ya kiwanja walisema hapana, na safari ikaishia hapo.

Miezi sita baadaye, kiwanja kile kile kilimfungukia Lumumba. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, yeye pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito walipakiwa kwenye ndege DC-4 ya Air Congo kule Moanda, wamefungwa, wakipigwa njiani, wakapelekwa Élisabethville. Waliuawa usiku ule ule.

Wakati barabara zilipokufa

Air Congo, iliyoanzishwa 1961, ikawa Air Zaïre mwaka 1971. Kwa miaka fulani iliunganisha miji mikubwa ya inchi na Ulaya pia. Lakini kadiri barabara zilivyozidi kuharibika, ndege ilikoma kuwa kitu cha matajiri na wakubwa wa serikali. Ikawa ndiyo barabara yenyewe. Mpaka leo hakuna barabara nzuri ambayo gari dogo linaweza kufuata kutoka Goma mpaka Kinshasa. Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995, na makampuni madogo ya watu binafsi yakachukua kazi, mengi yakiwa na ndege zilizozeeka.

Mwaka 1994, kiwanja cha Goma kilijulikana dunia nzima. Mwezi wa saba, wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, na ndege kubwa za kijeshi za Ufaransa na za Marekani zikawa zinatua na kuruka na misaada. Wakati huo watu walijua kwamba njia ile ya lami pembeni ya volkano ina thamani kuliko majengo yote ya mji.

Miezi sita kwa miguu, masaa machache kwa ndege

Sasa tulinganishe safari mbili za vita.

Ya kwanza ni ya AFDL. Goma ilianguka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 1996. Askari wa Laurent-Désiré Kabila, wengi wao kadogo wenye kuvaa bote za mpira, walivuka inchi sehemu kubwa kwa miguu. Waliingia Kinshasa tarehe 17 mwezi wa tano 1997. Ni miezi sita na nusu.

Ya pili ilifanyika mwaka mmoja baadaye. Vita vipya vilianza tarehe 2 mwezi wa nane 1998. Siku mbili baadaye, James Kabarebe na askari wake waliteka ndege za abiria kwenye kiwanja cha Goma, wakapanda, wakaruka mpaka kambi ya Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1.900 na zaidi. Walivuka Kongo nzima kwa masaa machache, na majuma yaliyofuata Kinshasa ilikaa bila umeme kwa sababu walikuwa wamefika kwenye bwawa la Inga. Tangu siku ile, kila anayetaka kuitawala mashariki anajua lazima ashike kiwanja cha Goma.

Inchi ikakatika vipande. Goma ikawa chini ya RCD, Kinshasa chini ya serikali, na ndege za abiria kati ya miji hiyo miwili zikakoma. Aliyetaka kwenda upande wa pili alipitia inchi za jirani. Angani nako kulikuwa na hatari: tarehe 10 mwezi wa kumi 1998, Boeing 727 ya abiria ilipigwa kombora karibu na Kindu, na watu wapatao 40 waliokuwa ndani wakafa. Hali hiyo ya kutengana iliendelea mpaka makubaliano ya amani na serikali ya mpito ya mwaka 2003.

Volkano nayo ilichukua sehemu yake

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ililipuka. Lava iliingia mjini na kufunika upande wa kaskazini wa kiwanja. Kwenye njia ya kurukia yenye urefu wa karibu kilomita tatu, karibu kilomita moja ikawa jiwe.

Kwa nini hilo ni tatizo kubwa hapa kuliko Kinshasa? Goma iko zaidi ya mita 1.500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na mbali zaidi kabla ya kusimama. Ndege ambayo kule N'Djili inaruka ikiwa imejaa, huku inapaswa kupunguza mizigo au kutafuta njia ndefu. Sisi tulikuwa na hewa nyepesi pamoja na njia fupi.

Tarehe 15 mwezi wa ine 2008, DC-9 iliyokuwa inaondoka Goma ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia kwenye soko na nyumba za Birere. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao wakiwa sokoni, hawakuwa na tiketi ya kwenda popote. Baadaye kazi za kuondoa lava na kutengeneza kiwanja zilifanyika kwa msaada wa Benki ya Dunia. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka tena, na mara hii lava ilisimama karibu na kiwanja bila kukimeza.

2025: Kinshasa kupitia nyuma

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma. Mapigano yalifika kiwanjani, na ndege za abiria kutoka Kinshasa zikakoma. Katikati ya mwezi wa pili walichukua Kavumu, kiwanja cha Bukavu. Kivu ya kaskazini na ya kusini zikapoteza milango yao mikubwa ndani ya majuma matatu.

Tufanye hesabu ya njia ambazo watu walibaki nazo. Kuna anayevuka mpaka, anakwenda Kigali kwa gari, halafu anaruka mpaka Nairobi, kilomita 760 hivi, halafu Nairobi–Kinshasa, kilomita 2.400 hivi. Jumla angani ni karibu kilomita 3.170, mara mbili ya njia iliyonyooka.

Anayepitia Addis Ababa ana hesabu ya kushangaza zaidi. Kigali–Addis Ababa ni kilomita 1.550, karibu sawa kabisa na Goma–Kinshasa. Kwa maneno mengine, amesafiri umbali wote wa kumfikisha Kinshasa, lakini amekwenda upande mwingine. Kutoka hapo zinabaki kilomita karibu 3.000 za kumrudisha juu ya Kongo. Ukichanganya gari, mpaka, kungojea kiwanjani na usiku wa kulala njiani, safari ya masaa mawili na robo inakula siku nzima, na mara nyingi zaidi ya siku.

Hapo ndipo narudia ile namba: Kinshasa–Brussels, masaa nane. Mtu wa Kinshasa anafika Ulaya kabla ya mtu wa Goma kufika kwenye mji mkuu wake. Na kwa mtu wa Goma kuna mambo ambayo mstari wa ramani hauonyeshi: paspoti, ambayo mkulima wa Masisi hana, tiketi mbili au tatu mahali pa moja, mihuri ya inchi za watu ili kwenda ndani ya inchi yako. Asiyekuwa na pesa hizo, kwake Kinshasa haiko mbali masaa kumi wala ishirini. Haifikiki. Mgonjwa anabaki, na mwanafunzi anapoteza mwaka.

Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, kwenye mkutano uliofanyika Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 hawakukubali kwamba jambo hilo liamuliwe bila wao. Wasomaji wakumbuke Munongo na ndege ya Lumumba, 1960: anayesema "fungua" na anayeshika kiwanja si lazima wawe mtu mmoja.

Maswali ya kuuliza

Historia hii inatufundisha kuuliza vizuri. Siku mtakaposikia kwenye redio kwamba kiwanja kimefunguliwa, msifurahie neno hilo peke yake. Ulizeni: kimefunguliwa kwa ndege gani, za misaada tu au za abiria pia? Nani anaongoza ndege kutoka kwenye mnara, na je, Kinshasa inamtambua? Njia ya kurukia ina urefu gani, na taa zake zinafanya kazi? Makampuni ya bima yamekubali? Na tiketi, je, mtu wa kawaida wa Birere au Majengo anaweza kuinunua?

Wasomaji wenye umri wa miaka hamsini na kwenda juu wamekwisha kuona njia hii ikifungwa na kufunguliwa. Mwaka 1998 ilifungwa, na ilichukua karibu miaka mitano. Kilomita zilikuwa 1.560 wakati ule, na ni 1.560 leo. Aliye na kumbukumbu za safari za kuzunguka za miaka ile ya RCD, atuandikie: alipitia wapi, alilala wapi, alitumia siku ngapi. Watoto wetu wanapaswa kujua kwamba tumekwisha kupita hapa.